Damu ya Kurithi na Kinga ya Kujifunza: Kwa Nini Malaria Humlemea Huyu na Kumpitia Yule

Hotuba iliyotolewa jijini Mbeya mbele ya walimu wa sayansi, wahudumu wa afya ya jamii, wazazi na wanafunzi wa vyuo

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, wahudumu wa afya, wazazi, na ninyi vijana mliokosa viti mkasimama hadi mlangoni: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmelishuhudia majumbani bila kupewa maelezo yake. Watoto wawili wa mama mmoja hulala chumba kimoja, huumwa na mbu wale wale, na wakipimwa damu wote wawili hukutwa na vimelea vya malaria. Mmoja hupata homa, hutapika, hupewa dawa mseto, na siku ya tatu yuko nje anacheza mpira. Mwenzake hupatwa na degedege usiku ule ule, hupoteza fahamu, na kunapokucha yuko wodini anaongezewa damu. Mtaani tunasema huyu wa pili ana damu nyepesi, au hakulishwa vizuri, au kuna mkono wa mtu. Ninachotaka kuonyesha leo ni kwamba tofauti hiyo ina sababu zinazochunguzika. Kwamba sehemu ya sababu hizo mtoto amezirithi kwa baba na mama, na sehemu nyingine ni mambo ambayo mwili wake umejifunza au haujawahi kujifunza. Na kwamba sisi tunaoishi huku juu kwenye baridi tumepungukiwa na hiyo sehemu ya pili kuliko ndugu zetu wa mabondeni.

Kabla ya kuingia kwenye damu, naomba tutazame ardhi tunayoikalia. Jiji hili liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi, ilhali Kyela, kandokando ya Ziwa Nyasa, iko karibu na mita 500 tu. Abiria hupanda gari hapa asubuhi amejifunika koti, na saa chache baadaye anashuka Kyela akijipangusa jasho. Safari hiyo fupi ni safari ya kutoka kwenye malaria chache kwenda kwenye malaria nyingi, kwa sababu kimelea huhitaji joto ili kikomae ndani ya mwili wa mbu. Joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji wake huchukua muda mrefu kiasi kwamba mbu wengi hufa kabla hawajaweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, ambao kwa nchi nzima ulikuta maambukizi ya asilimia 8 hivi miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano, ulikuta Tabora imezidi asilimia 20 huku Njombe ikiwa haifiki hata asilimia moja.

Sasa tuseme malaria kali ni nini, maana si kila homa kubwa ni malaria kali. Kimelea kinachoua watu wengi zaidi Afrika, kiitwacho Plasmodium falciparum, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, huzaliana humo kwa muda wa saa 48 hivi, kisha huipasua chembe ile na watoto wake wakavamia chembe nyingine. Katika nusu ya pili ya safari hiyo ya saa 48 kimelea hufanya ujanja ambao aina nyingine za malaria hazijaufikia: huisukuma protini yake hadi kwenye ngozi ya chembe nyekundu, na chembe ile ikaanza kunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Kwa kunata huko kimelea hukwepa kupita kwenye bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja na kuharibu chembe zisizo na afya. Chembe zikinata kwa wingi kwenye mishipa ya ubongo, mgonjwa hupoteza fahamu. Zikiharibika kwa wingi kuliko mwili unavyoweza kutengeneza nyingine, mtoto huishiwa damu, viganja vikawa vyeupe. Na tishu zikikosa oksijeni, asidi hujaa kwenye damu, na mgonjwa akaanza kuvuta pumzi ndefu, nzito na za haraka. Mwuguzi mzoefu akiisikia pumzi ile mlangoni hangoji daktari aitwe mara ya pili.

Kwa hiyo swali la kwa nini fulani amezidiwa lina maana tatu ndani yake. Je, vimelea vimezaliana kiasi gani? Vimenata wapi? Na mwili wenyewe umejibu kwa nguvu kiasi gani? Vinasaba na kinga hugusa yote matatu, ila kwa njia tofauti.

Nianze na vya kurithi, na nianze na selimundu, ugonjwa wa kurithi unaozipinda chembe nyekundu za damu kama mundu, kwa sababu ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote na sehemu kubwa ya ushahidi wake ilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekuwa akisomea udaktari Uingereza, Anthony Allison, ambaye alizaliwa Afrika Kusini na kukulia Kenya, alifuatana na msafara wa watafiti kuja Kenya akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Alikuta kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria watu waliobeba kinasaba cha selimundu walizidi 20 katika kila 100, lakini nyanda za juu hawakufika hata mmoja katika 100. Kinasaba kile kile kinachowaua watoto waliokirithi kutoka kwa wazazi wote wawili kilikuwa kimeenea kule kwenye mbu na kukosekana kule kwenye baridi. Allison aliona kwamba kinasaba kinachoua hakiwezi kubaki kwa wingi namna hiyo, vizazi kwa vizazi, pasipo kuwalipa kitu wale wanaokibeba upande mmoja, akafikiri kwamba malipo hayo ni kinga dhidi ya malaria.

Mwaka 1954 alichapisha ushahidi wake. Humo mna jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: watu wazima 30 waliojitolea, nusu wakiwa wamebeba kinasaba na nusu hawana, waliambukizwa malaria kwa makusudi, kisha damu zao zikafuatiliwa. Kati ya 15 wasiokuwa na kinasaba, 14 walikutwa na vimelea. Kati ya 15 waliokuwa nacho, walikutwa navyo wawili tu. Lakini mimi hupenda zaidi takwimu alizozikusanya Musoma, wakati huo ikiwa Tanganyika, na walimu wa baiolojia mlioko hapa ningewaomba mzitumie darasani. Alilinganisha watoto wachanga 287 na watu wazima 654 wa eneo lile lile. Miongoni mwa wachanga, waliobeba kinasaba upande mmoja walikuwa 89, yaani 31 katika kila 100. Miongoni mwa watu wazima walikuwa 249, yaani 38 katika kila 100. Na wale waliokirithi pande zote mbili, ambao ndio wagonjwa wa selimundu, walikuwa tisa kati ya wachanga na watano tu kati ya watu wazima ambao idadi yao ilikuwa zaidi ya maradufu. Katika safari ya kutoka utotoni hadi utu uzima, kundi moja lilipungua kwa ugonjwa wa selimundu, kundi jingine likapungua kwa malaria, na la katikati likaongeza sehemu yake. Wanafunzi wengi hufundishwa uteuzi wa asili kwa mifano ya vipepeo wa Uingereza ambao hawajawahi kuwaona, wakati somo lenyewe liliandikwa kwenye damu za watu wa Mara.

Kinachobadilika katika selimundu ni kitu kidogo mno. Hemoglobini, protini inayobeba oksijeni, imeungwa kwa amino asidi zilizopangwa kwa mfuatano maalumu, na katika mnyororo wake mmoja amino asidi ya sita huwa nyingine badala ya ile ya kawaida. Maabara inaweza kuyaona matokeo yake kwa vifaa vya kawaida kabisa. Fundi huchukua tone la damu kwenye ncha ya kidole, huliweka juu ya kioo, hulichanganya na tone la dawa inayoondoa oksijeni, hulifunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo zake hewa isiingie. Akitazama papo hapo kwa hadubini huona chembe za mviringo zilizobonyea katikati, zimesongamana. Akirudi kutazama baada ya nusu saa hivi, ikiwa mwenye damu ile amebeba kinasaba, hukuta baadhi ya chembe zimejinyonga: ncha moja imechongoka, ya pili imechongoka, na katikati pamepinda umbo la mundu. Kipimo hicho hakitenganishi mwenye kinasaba kimoja na mwenye viwili. Kwa hilo hutumika kipimo kingine kinachotenganisha aina za hemoglobini kwa umeme.

Ndani ya mtu aliyebeba upande mmoja, chembe hizi huishi vizuri hadi kimelea kiingie. Oksijeni ikipungua, kama inavyopungua katika mishipa midogo, kimelea hudumaa ndani ya hemoglobini ya aina hii. Chembe iliyovamiwa hupinda mapema kuliko jirani zake, na bandama huiondoa. Zaidi ya hayo, ile protini ya kunatisha niliyoitaja hujitokeza kwa uchache kwenye ngozi ya chembe hizi, na hivyo hata kimelea kilichofanikiwa kukua hushindwa kujishikiza vizuri kwenye mishipa. Matokeo yake, kama yalivyopimwa kwa miaka mingi huko Kilifi, Kenya, ni kwamba mtoto aliyebeba upande mmoja ana uwezekano mdogo wa kupata malaria kali kwa takriban asilimia 90 akilinganishwa na asiyebeba, ingawa dhidi ya homa ya kawaida ya malaria kinga yake ni kama nusu tu. Ona tofauti hiyo: kinasaba kinaweza kumwachia mtu homa na kumwondolea kifo.

Hapa nawaomba wazazi mnisikilize kwa makini. Kinachokinga ni kubeba upande mmoja. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu wenyewe hana usalama huo. Malaria ikimpata, upungufu wa damu alionao tayari huongezeka kwa kasi, na anaweza kufa kwa maambukizi ambayo kaka yake angeyamaliza kwa vidonge. Watafiti wa Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Julie Makani, wameeleza kwamba kwa wagonjwa wa selimundu wanaolazwa malaria si jambo la kupuuzwa. Na kwa wazazi wawili ambao kila mmoja amebeba upande mmoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa, hata kama watoto watatu waliotangulia ni wazima. Nimewasikia watu wakisema kwamba sasa wameshampata mgonjwa wao mmoja, waliobaki watakuwa salama. Hesabu haiendi hivyo.

Vinasaba vingine nitavipitia haraka. Watu wa kundi la damu O wana hatari ndogo kiasi ya malaria kali, kwa sababu kwenye damu ya kundi A au B chembe zilizovamiwa hukusanya chembe nzima zikaganda pamoja kwa urahisi zaidi na kuziba mishipa. Kuna aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo imekutwa kwa wingi usio wa kawaida pwani ya Kenya. Mwaka 2020 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba utando wa chembe zake umekazwa kiasi kwamba kimelea hushindwa kupenya. Kuna upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao hurithiwa kupitia kromosomu ya X na ambao madaktari huuhofia kwa sababu baadhi ya dawa, primakwini ikiwemo, huweza kupasua damu ya mwenye nao. Huu una tabia ya ajabu, kwani uchambuzi mkubwa wa nchi nyingi ulikuta kwamba unapunguza malaria ya ubongo na papo hapo unaongeza hatari ya malaria ya kuishiwa damu. Ukimwuliza mtaalamu kama kinasaba hiki kinakinga au kinadhuru, jibu la kweli ni kukuuliza: dhidi ya nini?

Thalasemia ya alfa, hitilafu nyingine ya kurithi katika utengenezaji wa hemoglobini, nayo hukinga. Lakini mwaka 2005 ilibainika, Kilifi tena, kwamba mtoto aliyerithi thalasemia ya alfa pande zote mbili pamoja na selimundu upande mmoja hupoteza karibu kinga yote. Zuri likiongezwa kwenye zuri likatoa sifuri. Ndiyo maana huwa na mashaka nikisikia mtu anauza kipimo kimoja cha kinasaba na kuahidi kumwambia mtu kama malaria itamsumbua.

Mashaka hayo yana sababu nyingine pia. Katika miaka ya 1990 zilitolewa taarifa, nyingi kutoka Gambia, kwamba tofauti fulani katika vinasaba vya kinga, kwa mfano kinasaba kinachotawala kemikali ya uchochezi iitwayo TNF, huongeza mara kadhaa hatari ya kufa kwa malaria ya ubongo. Tafiti hizo zilifanywa kwa uaminifu, lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo. Mtandao wa watafiti wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ulipochambua watu zaidi ya 17,000 na kuchapisha mwaka 2019, selimundu, kundi la damu na vinasaba vya ngozi ya chembe nyekundu vilisimama imara, ilhali madai mengi kuhusu vinasaba vya kinga hayakujirudia. Jirani zetu wa Kilifi walikuwa wamekwisha kukadiria mwaka 2005 kwamba urithi kwa ujumla unaeleza kama robo ya tofauti za watoto katika kuugua malaria, na kwamba ndani ya robo hiyo selimundu peke yake inaeleza asilimia mbili tu ya tofauti zote. Robo nyingine ilitokana na mambo ya kaya, yaani nyumba ilipo na namna watu wanavyoishi ndani yake. Kwa hiyo hata selimundu, bingwa wa vinasaba vyote, haielezi sehemu kubwa ya tunachokiona wodini.

Na kimelea nacho kina vinasaba vyake. Utafiti uliochapishwa mwishoni mwa 2021, uliolinganisha damu za watoto wa Gambia na Kenya na vimelea vilivyokuwa ndani yao, ulikuta kwamba vimelea vyenye mabadiliko fulani ya kinasaba huweza kuwaletea ugonjwa hata waliobeba selimundu, kana kwamba kinga yao haipo. Urithi wa mwanadamu ulipoweka mlango, kimelea kimekuwa kikitafuta ufunguo.

Sasa niingie kwenye kinga ya kujifunza. Protini ya kunatisha ambayo nimekuwa nikiirudia hujulikana kitaalamu kama PfEMP1. Kimelea kimoja hubeba vinasaba vipatavyo 60 vya kuitengeneza kwa sura tofauti, na kwa wakati mmoja hutumia sura moja. Mwili ukishatengeneza kingamwili dhidi ya sura hiyo, vimelea vichache vilivyokwisha kubadili sura huponyoka na kuzaliana upya. Mtoto wa Kyela, anayeumwa na mbu wenye vimelea mara nyingi kwa mwaka, hukutana na sura nyingi akiwa bado mdogo, na kila moja humwachia kumbukumbu. Kwamba kumbukumbu hiyo ina nguvu kweli lilithibitishwa mwaka 1961, watafiti walipochukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa Gambia, wakawadunga watoto waliokuwa wakiugua malaria, na vimelea vikapungua kwa kasi.

Lakini sura si sawa zote. Baadhi hunata mahali ambapo madhara yake ni madogo. Nyingine hushika kipokezi kilichoko kwenye kuta za mishipa ambacho kazi yake ya kawaida ni kuzuia damu isigande ovyo na kuta zisivuje. Uhusiano wa sura hizi na malaria kali ulionekana mwaka 2012 kwa watoto wa Tanzania, na mwaka uliofuata kipokezi chenyewe kikatambuliwa. Ng'ambo ya mto Songwe, mjini Blantyre, Malawi, watafiti waliopiga picha za ubongo wa watoto waliopoteza fahamu walichapisha mwaka 2015 kwamba kati ya watoto 25 waliofariki, 21 walikuwa na ubongo uliovimba sana. Mishipa iliyozibwa na kuvuja, ndani ya fuvu lisilo na nafasi ya kutanuka: hivyo ndivyo degedege la malaria linavyoua, na ndiyo sababu ya kumkimbiza mtoto kituoni badala ya kumfukiza au kumpaka dawa na kungoja litulie.

Ushahidi bora kuliko wote kuhusu wajawazito unaonyesha kanuni ile ile. Kimelea kina sura moja maalumu inayonata kwenye kondo la nyuma. Mwanamke aliyekulia kwenye malaria nyingi huwa na kinga ya sura nyingi, lakini hii hajawahi kukutana nayo, kwani hakuwa na kondo. Akipata mimba ya kwanza, kimelea hujaa kwenye kondo, yeye akapungukiwa damu na mtoto akazaliwa na uzito mdogo. Mimba zinazofuata tayari ana kingamwili, na madhara hupungua. Huku kwetu juu mpangilio huo haupo: mama wa mimba ya nne anayetoka Makete na kushuka mabondeni yuko hatarini karibu sawa na wa mimba ya kwanza.

Kinga ina upande wake wa kudhuru pia. Mwili usioijua malaria hujibu kwa kumwaga kemikali za uchochezi kwa wingi, TNF ikiwa mojawapo, na homa kali, kushuka kwa sukari na hata kuzuiwa kwa uboho kutengeneza damu mpya hutokana kwa sehemu na majibu hayo. Mwili uliozoea hujifunza kujizuia. Ndiyo maana mtoto wa darasa la tatu katika kijiji chenye malaria nyingi anaweza kukutwa na vimelea akiwa anacheza, wakati idadi ile ile ya vimelea ingemwangusha mgeni. Huko Muheza, mkoani Tanga, watoto 882 walifuatiliwa tangu kuzaliwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba 102 kati yao walipata malaria kali, lakini wengine wengi walibeba vimelea kwa wingi mkubwa, wengine zaidi ya mara moja, bila kufikia ukali huo. Wingi wa vimelea pekee haukutosha kuwatenganisha.

Je, haya yanatuhusu vipi sisi? Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi yetu, zilizohudumia watu wa mwinuko wa chini ya mita 600 hadi zaidi ya 1,200. Mabondeni, malaria kali iliwapata zaidi watoto wachanga na ilikuja kwa sura ya kuishiwa damu. Milimani wagonjwa walikuwa wachache, lakini umri wao ulikuwa mkubwa zaidi, na malaria ya ubongo ilichukua sehemu kubwa zaidi. Sisi wa Mbeya, Njombe na Iringa tuna hali ya milimani. Kijana wa Makete anayekwenda kulima mpunga Usangu, au fundi wa Mafinga anayekwenda machimbo ya Chunya, anaingia kwenye malaria akiwa mtu mzima mwenye kinga ya mtoto mchanga, ila bila zile kingamwili ambazo mtoto mchanga wa Kyela hupewa na mama yake kwa miezi ya kwanza. Misuli na afya njema havibadili hilo. Hata mzaliwa wa Kyela aliyehamia hapa kwa masomo hupoteza sehemu ya kinga yake kwa kukaa miaka bila kuumwa na mbu wenye vimelea, na akirudi likizo anajikuta analazwa, nyumbani wakishangaa mji umemfanya nini.

Urithi hautufidii, kwa kuwa mahali ambapo malaria ilikuwa chache vizazi kwa vizazi, vinasaba vya kinga navyo havikuongezeka. Ndicho alichokipima Allison kwenye milima ya Kenya. Kwamba hatari hii si ya mtu mmoja mmoja tu kulidhihirika nyanda za juu za Madagascar, ambako malaria ilikuwa imedhibitiwa kwa miaka mingi, udhibiti ukalegea, na mwishoni mwa miaka ya 1980 ukazuka mlipuko ulioua watu wazima na watoto kwa maelfu, kwa sababu kizazi kizima kilikuwa hakijajifunza.

Kwa wahudumu wa afya, jambo moja la kazi. Mgonjwa mtu mzima wa hapa mjini akija na homa, mwulizeni amelala wapi katika majuma mawili matatu yaliyopita kabla hamjafikiria mafua au taifodi, na kipimo cha haraka kikionyesha malaria huku mgonjwa anaongea ovyo, anapumua kwa kasi au mkojo wake umekuwa mweusi, msimpe vidonge na kumrudisha nyumbani. Sindano ya artesuneti ilionyeshwa mwaka 2010, kwa watoto zaidi ya 5,000 wa nchi kadhaa za Afrika, kupunguza vifo kuliko kwinini: asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Haijali kundi la damu wala mgonjwa alikulia wapi.

Kuhusu chanjo najua mtauliza. Mbili zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, ya kwanza mwaka 2021 na ya pili 2023, zote zimepitia majaribio ambayo watoto wa Tanzania walishiriki, na zote humshambulia kimelea kabla hajaingia kwenye chembe nyekundu. Hazifundishi mwili zile sura 60. Bagamoyo kumejaribiwa nyingine inayolenga protini ambayo kimelea hawezi kuingia kwenye chembe nyekundu bila kuitumia, na ambayo haibadilibadili kama PfEMP1. Hiyo kwa maoni yangu ndiyo ya kutupiwa macho na watu wa nyanda za juu.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Naomba tuanze na maswali ya wauguzi waliotoka Kyela na Mbarali, kisha wanafunzi.